John Wesley Powell: Meja wa mkono mmoja aliyezomewa kwa kusema maji hayatoshi

Na Mwandishi Wetu

OKTOBA 1893, wajumbe wa mkutano wa kimataifa wa umwagiliaji mjini Los Angeles, Marekani, walimzomea mzee mmoja mwenye ndevu nyingi na mkono mmoja. Wengi wao walikuwa wamekuja kusherehekea ndoto ya kuligeuza jangwa kuwa mashamba. Mzee huyo aliwaambia kwamba mito ya magharibi haina maji ya kutosha ardhi yote waliyoitamani, na kwamba wakiendelea kuigawa watawarithisha watoto wao kesi na ugomvi juu ya haki za maji.

Huyo alikuwa Meja John Wesley Powell, mwenye umri wa miaka 59, mkurugenzi wa Idara ya Jiolojia ya Marekani. Hakuna aliyeijua mito hiyo kumzidi, na hilo pengine ndilo lililowaudhi zaidi wasikilizaji wake.

Powell alizaliwa Machi 24, 1834, Mount Morris, jimbo la New York, akiwa mtoto wa mhubiri wa Kimethodisti aliyetoka Uingereza na aliyepinga utumwa hadharani. Alisoma katika vyuo kadhaa bila kupata shahada yoyote. Elimu yake kubwa aliipata mitoni, kwa kupiga makasia katika Mississippi na Ohio huku akikusanya konokono, mimea na mawe.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka, alijiunga na jeshi la Kaskazini. Aprili 6, 1862, katika mapigano ya Shiloh, risasi ilimpiga mkono wa kulia akiwa ameuinua kuamuru mizinga ifyatue, na madaktari wakaukata chini ya kiwiko. Mkewe, Emma Dean, alimuuguza hadi akapona. Mtu mwingine angerudi nyumbani na pensheni yake. Powell alirudi vitani.

Safari iliyompa jina ilianza Mei 24, 1869. Akiwa na wanaume tisa na mashua nne, aliondoka Green River, Wyoming, kushuka mto huo hadi Colorado, kisha kupita Grand Canyon, korongo ambalo katika ramani za wakati ule eneo lake lilikuwa karatasi tupu. Wiki mbili tu baadaye mashua moja ilivunjika katika maporomoko na kupotea na sehemu kubwa ya chakula na vifaa. Siku moja Powell alikwama kwenye mwamba, mkono wake mmoja umeshika jiwe, asiweze kwenda juu wala chini. Mwenzake, George Bradley, alipokosa kamba wala fimbo ya kumfikishia, alivua suruali yake ya ndani akamteremshia, naye akaidaka na kuvutwa juu.

Mmoja wa wanaume hao alijitoa mapema. Kufikia Agosti waliobaki walikuwa wakila unga ulioharibika, matofaa makavu na kahawa. Agosti 28, mbele ya maporomoko ya kutisha, watatu walikataa kuendelea na kupanda juu ya korongo kwa miguu. Waliuawa huko, na wanahistoria wangali wanabishana ni nani aliyewaua. Powell na wenzake watano walivuka maporomoko yale, na kabla ya siku mbili kwisha walikuwa wametoka salama upande wa pili.

Alirudi mtoni mwaka 1871 na kikosi kilichopima ardhi na kupiga picha. Hata hivyo, kazi yake nzito zaidi ni ripoti aliyoiwasilisha mwaka 1878 kuhusu ardhi kame za nchi hiyo. Alionyesha kwamba magharibi ya longitudo 100 mvua haifiki milimita 500 kwa mwaka, kiasi ambacho kilimo cha kutegemea mvua pekee hakiwezi kuaminika. Sheria ya mwaka 1862 iliyompa kila mlowezi ekari 160, kwa maoni yake, ilikuwa mtego: ekari hizo ni nyingi mno kwa shamba la umwagiliaji na chache mno kwa malisho. Alipendekeza ekari 80 kwa mkulima mwenye maji na 2,560 kwa mfugaji, na haki ya maji ifungamane na ardhi, isije ikanunuliwa na kampuni na kumwacha mkulima na vumbi.

Mwaka 1889 alikwenda mbali zaidi. Aliwashauri waliokuwa wakitunga katiba ya Montana wachore mipaka ya wilaya kwa kufuata mabonde ya mito, ili wanaotumia maji ya mto mmoja wayasimamie pamoja na misitu yake. Walimsikiliza kwa heshima na kuchora mipaka yao kwa rula. Kwa msomaji wa Tanzania, ambako usimamizi wa maji umegawanywa katika mabonde tisa, wazo hilo si geni. Kwa Marekani ya wakati ule lilikuwa kama uasi.

Bunge lilikuwa limemkabidhi mwaka 1888 kazi ya kupima mito na maeneo ya mabwawa. Ugawaji wa ardhi uliposimamishwa kusubiri vipimo vyake, wanasiasa wa magharibi wakiongozwa na Seneta William Stewart wa Nevada walimgeuka, na mwaka 1890 fedha za upimaji zikakatwa. Alijiuzulu mwaka 1894.

Haifai kumfanya mtakatifu. Kwake maji yaliyofika baharini bila kumwagilia shamba yalikuwa hasara, na samaki na ndege hawakuwa na fungu katika hesabu zake. Alijifunza lugha za wenyeji wa Marekani na kuongoza taasisi iliyochunguza mila zao, lakini mpango wake haukuwatengea maji. Haki yao ilitambuliwa na Mahakama Kuu mwaka 1908, miaka sita baada ya yeye kufariki dunia Septemba 23, 1902.

Mwaka 1922 maji ya Colorado yaligawanywa kwa majimbo saba kwa kutumia vipimo vya miaka ya mvua nyingi, hivyo yakagawiwa maji ambayo mto hauna. Bwawa la Glen Canyon lilipofunga milango yake mwaka 1963, ziwa lililotokea nyuma yake lilipewa jina la Powell. Likawa kivutio kikubwa cha watalii wenye maboti, huku likilizamisha korongo ambalo yeye mwenyewe alilipa jina. Maji baridi yaliyotoka chini ya bwawa yaliwaathiri samaki wa asili na kingo za mchanga katika Grand Canyon, hata sheria ya mwaka 1992 ikaagiza bwawa liendeshwe kwa kujali mazingira na wageni pia. Mwaka 1996 yaliachiwa mafuriko ya kwanza ya majaribio ili kurudisha mchanga.

Agosti 2021, serikali ya Marekani ilitangaza kwa mara ya kwanza upungufu rasmi katika mto huo unaotegemewa na watu wapatao milioni 40. Mwaka uliofuata Ziwa Powell lilishuka hadi karibu robo ya ujazo wake, na kuta za korongo zilizokuwa zimefunikwa kwa miongo kadhaa zikaanza kuonekana tena.