Profesa wa Ihithe aliyekataa bustani zimezwe

Ukishuka Nairobi kutoka Murang'a au Nyeri Jumapili, kuna uwezekano utaishia Uhuru Park kupiga picha na marafiki. Poa sana. Lakini jua kwamba nyasi unazokalia nusura zimezwe na jumba la ghorofa 60. Aliyesimama kidete ni mtu wa kwenu huku mlimani, Profesa Wangari Maathai.

Alizaliwa 1940 kijijini Ihithe, Tetu. Karibu na kwao kulikuwa na kijito na mti wa mugumo, na mamake alimkanya asiokote kuni zake. Mwaka wa 1960 akaenda kusoma Marekani. Miaka baadaye aliporudi kijijini, mugumo ulikuwa umekatwa na kijito kimekauka. Hakuhitaji kuelezwa zaidi.

1977 akaanzisha Green Belt Movement. Kina mama vijijini waliotesha miche, wakalipwa pesa kidogo kwa kila mche ulioshika.

Kisha ikafika 1989. Serikali ya KANU ilitaka kujenga jumba lake katikati ya Uhuru Park. Wangari akaandika barua kila mahali, hadi kwa wafadhili ng'ambo. Wabunge walimtukana, mahakama ikatupa kesi yake, na shirika lake likafukuzwa kwenye ofisi ya serikali. Lakini wafadhili walijitoa, mradi ukafa.

Miaka kumi hivi baadaye ikawa zamu ya Karura. Msitu ulikuwa umegawiwa wajenzi kisirisiri. Januari 1999 alienda kupanda miche, akapigwa na wahuni hadi akapasuka kichwa. Hakurudi nyuma. Leo ukiendesha baiskeli Karura, uko ndani ya hekta elfu moja hivi zinazosimamiwa na Shirika la Misitu pamoja na raia waliojiunga kuulinda.

Wakazi wa Tetu walimchagua mbunge 2002, na 2004 akawa mwanamke wa kwanza Mwafrika kupata Tuzo ya Nobel ya Amani. Alifariki Septemba 25, 2011. Hata jeneza la mbao alikuwa amelikataa.

Sasa skiza, kwa sababu hii inakuhusu. Katiba ya 2010 ilizipa serikali za kaunti kazi ya kusimamia bustani na viwanja vya burudani vya kaunti, na ikasema lazima wananchi wahusishwe. Yaani ile bustani ya mji wenu, au kile kiwanja cha mpira mtaani, kina mwenyewe, na mwenyewe ni wewe. Wangari alipigania Uhuru Park wakati kuuliza swali tu kulikuwa hatari. Wewe una haki ya kuingia mkutano wa bajeti ya kaunti na kuuliza bustani imetengewa pesa ngapi. Na siku utakayoona mabati yamezungushwa hapo ghafla, usipite tu ukiangalia simu. Uliza ni nani aliyeruhusu, na stakabadhi ziko wapi.