Maisha ya Askofu Edward Steere, Mfasiri na Mwalimu

Safari hii tumeona vema kuwaletea habari za Askofu Edward Steere. Wengi wamelisikia jina lake waliposimuliwa habari za Kanisa Kuu la Mkunazini, kule Unguja, lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Wachache wamesikia habari zake kama mwanafunzi wa lugha. Nasi tuliotumia miaka yetu kufundisha Kiingereza katika chuo cha ualimu twaona upande huu wa maisha yake una faida kubwa kwa wazazi na vijana wa Mbeya na Iringa. Maana baada ya ibada hakuna swali tunaloulizwa mara nyingi kuliko hili: mtoto wangu atajuaje kuandika Kiingereza?

Edward Steere alizaliwa mjini London mwaka 1828. Alisoma katika chuo kikuu cha mji huo, akapata shahada ya juu ya sheria, na mwaka 1850 akakubaliwa kuwa wakili. Lakini kazi ya mahakama haikumkaa moyoni. Akaiacha, akafanywa shemasi mwaka 1856 na kasisi mwaka 1858. Alitumikia Skegness na baadaye Little Steeping, parokia za mashambani katika jimbo la Lincolnshire, ambako watu walipenda maneno machache yenye maana wazi. Naye alikuwa mtu wa namna hiyo. Tena hakuogopa kazi ya mikono. Tangu ujana wake alikuwa amejifunza kupiga chapa, ujuzi ambao ulikuja kumfaa sana Afrika.

Mwaka 1857 Dk. Livingstone aliwaita vijana wa vyuo vikuu vya Uingereza waje Afrika, na kutokana na wito huo ikazaliwa Misheni ya Vyuo Vikuu, mama wa makanisa yetu mengi ya Kianglikana katika nchi hii. Askofu wake wa kwanza, Mackenzie, alikufa kwa homa mwaka 1862 karibu na mto Shire. Akachaguliwa William Tozer ashike mahali pake. Tozer alikuwa rafiki mkubwa wa Steere, na Steere akakubali kumsindikiza kwa muda mfupi tu, kisha arudi kwa watu wake wa Lincolnshire. Wakaondoka mwaka 1863. Basi safari ile ya muda mfupi ikawa kazi ya maisha yake yote.

Baada ya kuona kwamba nchi ya mto Shire haikaliki kwa wakati ule, wamisionari wale wakahamia Unguja, wakafika Agosti 1864. Sultani Majid akawapa watoto watano waliokuwa wamekamatwa katika jahazi la watumwa. Hao ndio waliokuwa wanafunzi wa kwanza wa misheni pale. Tufikirie hali ya nyumba ile. Watoto walitoka bara, na Kiswahili hakikuwa lugha ya mama zao. Mwalimu alitoka Uingereza, naye hakujua Kiswahili wala lugha za kwao. Mwalimu na wanafunzi wote walikuwa wageni katika lugha moja, na hakuna aliyeweza kumcheka mwenzake.

Steere angeweza kufanya kama wengi walivyofanya, yaani kuwafundisha watoto Kiingereza kwanza, kisha aseme nao kwa lugha yake mwenyewe kwa raha zake. Hakufanya hivyo. Yeye mwenye shahada ya juu alikaa chini kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Alikuwa na maandiko ya Dk. Krapf, aliyekuwa amefanya kazi Mombasa na Rabai tangu miaka ya 1840. Lakini Krapf aliandika Kiswahili cha Mombasa, na Steere akasikia kwa masikio yake kwamba watu wa Unguja hawasemi vile. Basi akaacha kutegemea kitabu peke yake, akawaendea watu.

Yafaa tuwakumbuke waliomfundisha. Mmoja alikuwa kijana Mswahili, Hamisi wa Kayi, aliyekuwa na kipawa cha kuelewa kile ambacho mgeni alitaka kukijua, na kumweleza kwa wazi. Mwingine alikuwa Shehe Abdul Aziz, aliyekubali kumfasiria Zaburi kutoka Kiarabu katika Kiswahili kilicho safi. Hawa walikuwa Waislamu, nao walimpa mgeni Mkristo lugha yao pasipo choyo. Tunaposoma Zaburi kanisani kwetu tukumbuke kwamba katika kuta za nyumba hii yamo pia mawe yaliyobebwa na majirani.

Steere aliwaomba watu wa Unguja wamhadithie hadithi zao, naye akaziandika kama zilivyotamkwa. Ndimo zilimopatikana hadithi ya Punda wa Dobi, ya Sultani Darai, na ya Mwalimu Goso, aliyeuawa na buyu lililomwangukia kichwani alipokuwa akifundisha watoto chini ya mti. Humo zimo pia habari za Liongo. Kwanza hadithi hizo zilipigwa chapa kidogo kidogo katika mtambo wa misheni, na vijana wa shule wakajifunza kazi hiyo. Kisha mwaka 1870 zikatoka London katika kitabu kizima. Mwaka huo huo alitoa kitabu chake cha kufundishia Kiswahili cha Unguja, ambamo aliyapanga majina katika ngeli zake na kueleza jinsi kitenzi kinavyoyafuata. Hakuridhika na Kiswahili peke yake. Alikusanya pia maneno ya Kishambaa, Kiyao, Kinyamwezi na Kimakonde, ili wengine wapate pa kuanzia.

Kitabu kile cha hadithi kilipangwa kwa namna ambayo kila mwalimu wa lugha angependa kuiiga. Ukurasa mmoja ni Kiswahili, na ukurasa unaoutazama ni Kiingereza, hadithi ile ile. Msomaji aweza kuvuka toka upande mmoja hata mwingine kama mtu avukaye daraja. Mwenye kuvuka hivyo haoni neno moja likikaa mbele ya neno moja kama askari katika gwaride. Huona maana nzima ikiwa imehama nyumba na kupata nguo nyingine.

Hapa ndipo palipo na tabu ya vijana wetu. Mtoto wa Tukuyu au wa Kilolo hujifunza lugha ya nyumbani kwanza, Kinyakyusa au Kihehe, kisha Kiswahili, kisha Kiingereza. Anapofika sekondari hukuta masomo karibu yote yakifundishwa kwa Kiingereza. Katika haraka hiyo hushika kamusi, akabadili neno kwa neno. Kwa Kiswahili tunasikia njaa. Waingereza hawaisikii, bali husema wako katika hali ya njaa. Sisi humwambia pole mtu aliyebeba mzigo mzito. Mwanafunzi akimwambia Mwingereza neno ambalo kamusi imeliandika mbele ya pole, huenda akashangaa, akidhani anaombwa msamaha, hali mzigo haukuwekwa na mwanafunzi yule. Nalo neno ndugu halitaji kwamba ni mwanamume au mwanamke. Anayelifasiri kwa Kiingereza hana budi kujua kwanza ni nani anayesemwa.

Tutwae tena mfano wa saa. Siku ya Pentekoste Petro aliwaambia watu kwamba wenzake hawakulewa, kwa kuwa ilikuwa saa tatu tu. Sisi twaelewa mara moja, maana twahesabu saa za mchana tangu kupambazuka, kama walivyohesabu watu wa nchi ya Biblia. Lakini Biblia ya zamani ya Kiingereza imeandika saa ya tatu vile vile, na mtoto wa Kiingereza asiyefundishwa aweza kudhani ilikuwa usiku wa manane. Basi mara nyingine Kiswahili chetu kiko karibu na Maandiko kuliko Kiingereza, na aliyejua lugha zote mbili ndiye anayeiona faida hiyo.

Mwaka 1868 Steere alirudi kwao, lakini hakutulia. Injili ya Mathayo aliyoifasiri ilipigwa chapa mwaka 1869, na Zaburi mwaka 1871. Mwaka 1872 tufani kubwa ilipiga Unguja na kuharibu mali ya misheni, naye Askofu Tozer afya yake ilikuwa imedhoofika. Steere akarudi Unguja mwaka ule ule. Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Misheni ikapata uwanja wa soko la Unguja, na siku ya Krismasi ya mwaka 1873 likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Mahali ambapo watu waliuzwa ndipo Habari Njema ikahubiriwa kwa Kiswahili, lugha ambayo dalali na mtumwa wote waliielewa.

Mwaka 1874 aliwekwa wakfu kuwa askofu, katika Westminster Abbey. Cheo hicho hakikumwondoa katika kazi ya kalamu. Mwaka 1876 alikwenda na kundi la watu waliokombolewa utumwani, waliotaka kurudi upande wa Nyasa, wakaanzisha kijiji cha Masasi. Mwaka huo huo alifika Unguja kijana aitwaye William Percival Johnson, ambaye baadaye alilitumikia Ziwa Nyasa kwa miaka mingi hata akafa Liuli mwaka 1928. Kwa njia hiyo ya Nyasa kazi ya misheni ilisogea upande wetu, na mwaka 1952 ikazaliwa Dayosisi ya Kusini Magharibi mwa Tanganyika.

Wageni waliotoka Uingereza kuja kufundisha, Steere aliwataka wajifunze kwanza. Mwaka 1878 akawatungia kitabu cha mazoezi ya Kiswahili. Naye hakutaka watoto wa misheni wageuzwe Waingereza kwa nguo, chakula na majivuno. Walifundishwa Kiingereza kama chombo cha kufungulia vitabu, lakini aliwataka wabaki watu wa kwao, waweze kusema na watu wa kwao. Katika watoto wale watano wa kwanza alikuwamo John Swedi. Mwaka 1879 alifanywa shemasi. Mtoto aliyetolewa jahazini pasipo jina mbele ya ulimwengu akasimama mbele ya Kanisa kulisoma Neno.

Kazi iliyobaki ilikuwa kubwa. Steere aliendelea na vitabu vya Agano Jipya kimoja baada ya kingine, na Agano Jipya zima likatoka mwaka 1883. Yeye hakuliona. Alifariki Unguja Agosti 1882, mwenye umri wa miaka 54, na katika siku zake za mwisho alikuwa akifasiri kitabu cha nabii Isaya. Alizikwa nyuma ya madhabahu ya kanisa alilolijenga. Wenzake na vijana aliowafundisha waliendeleza kazi, na Biblia nzima ya Kiswahili cha Unguja ikatoka mwaka 1891.

Tena matunda yake yalivuka mipaka ya Kanisa. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu kwa shule za Afrika Mashariki. Kitabu anachosomea mtoto wa Mbarali au wa Mufindi leo kina chembe ya kazi iliyofanywa na kasisi yule, na Hamisi, na shehe, na watoto waliopanga herufi za chapa. Hata hivyo, kazi ya mfasiri haina mwisho. Mwaka 1952 ilitoka Biblia ya Muungano, ikachukua mahali pa tafsiri za zamani, za Unguja na za Mombasa. Hilo si aibu kwa Steere. Mfasiri mwema hujenga akijua kwamba wajukuu wataezeka upya.

Sasa turudi kwa swali la wazazi. Maisha ya Askofu Steere yatujibu kwamba lugha ya kigeni hushikwa na mtu aliyeishika vema lugha aliyo nayo. Mtoto anayekatazwa kusema Kikinga au Kibena nyumbani ili ajue Kiingereza ananyang'anywa ngazi huku akiambiwa apande. Mtoto asiyeweza kusimulia kisa kwa Kiswahili, kikaanza, kikaendelea na kumalizika, hatakiandika kwa Kiingereza hata akipewa kamusi nene. Na anayeogopa kuchekwa hatajifunza, maana Steere mwenyewe alianza kama mwanafunzi.

Basi twawashauri hivi. Mzazi au babu amsimulie mtoto hadithi moja, kwa lugha yoyote ya nyumbani. Mtoto aiandike kwa Kiswahili katika ukurasa wa kushoto wa daftari. Kisha aifunge, afikiri yale yaliyotokea, ayaandike kwa Kiingereza chepesi katika ukurasa wa kulia, kwa sentensi fupi. Mwalimu akisahihisha, aulize kwanza kama maana imevuka, ndipo atazame tahajia. Hadithi moja kwa juma yatosha. Daftari haligharimu sana, na wenye hadithi tungali nao vijijini, ingawa kila mwaka twawazika.

Twamshukuru Mungu kwa ajili ya mtumishi wake Edward Steere, na kwa ajili ya wote waliomfundisha kusema. Wapumzike kwa amani.