Hiram Percy Maxim: Mtoto wa mbunifu wa bunduki aliyewaunganisha watu kwa redio

Jina Maxim Afrika Mashariki linakumbusha risasi. Bunduki ya rashasha waliyoitumia Wajerumani dhidi ya wapiganaji wa Maji Maji ilibuniwa na Mmarekani Hiram Stevens Maxim.

Lakini mwanawe wa kiume alishika njia nyingine kabisa.

Hiram Percy Maxim alizaliwa Brooklyn, Marekani, Septemba 2, 1869. Alikuwa bado mtoto baba yake alipokwenda Ulaya, akahamia moja kwa moja London na kuiacha familia.

Kichwa cha ufundi lakini alikirithi. Akiwa na miaka 16 tu, tayari alishahitimu uhandisi katika chuo cha MIT. Akatengeneza magari mjini Hartford, jimbo la Connecticut, kisha mwaka 1909 akapata hataza ya kifaa cha kuzima mlio wa bunduki. Yaani baba alileta kelele, mtoto akaja kuinyamazisha.

Redio aliianza ukubwani, kama mchezo wa nyumbani na mtoto wake wa kiume. Hawakuongea kwa sauti, walibonyeza nukta na mistari ya Morse.

Jioni moja ya Aprili 1914, Maxim alitaka kumpata mtu wa Springfield, kilomita kama 40 tu kutoka kwake. Mitambo yake ilikuwa na nguvu, lakini wapi! Mawimbi hayakufika.

Akakumbuka kuna jamaa mwenye redio Windsor Locks, katikati ya njia. Akamwomba aupokee ujumbe na kuusukuma mbele. Ukafika.

Hapo ndipo wazo lilipozaliwa. Kama mtu mmoja anaweza kupokezana na jirani yake, kwa nini mnyororo huo usivuke nchi nzima? Mwaka huohuo, yeye na kijana Clarence Tuska wakaanzisha chama cha waendesha redio wa ridhaa, ARRL.

Mtihani mkubwa ukaja 1917. Marekani ilipoingia vitani, serikali iliamuru redio zote za ridhaa zizimwe. Vita vilipokwisha, ukaletwa muswada wa kulikabidhi Jeshi la Majini mawasiliano yote ya redio. Ungepita, habari ya redio za ridhaa ingeishia hapo.

Maxim hakukaa kimya. Alikwenda kujieleza mbele ya Bunge la Marekani, huku wanachama wakiwamiminia wabunge barua. Muswada ukakwama, na Oktoba 1919 wakaruhusiwa tena kurusha matangazo.

Sheria ya 1912 ilikuwa imewasukumia kwenye mawimbi ya mita 200 kwenda chini, yaliyoonekana hayana faida. Novemba 1923, kwa mawimbi hayohayo mafupi, wanachama wa Connecticut wakawasiliana na mwenzao wa Nice, Ufaransa, ng'ambo ya Atlantiki. Kumbe kilichotupwa kilikuwa dhahabu! Ni masafa mafupi hayohayo ambayo baadaye yaliwaletea babu na bibi zetu habari za Kiswahili kutoka London na Cologne.

Mwaka 1925 jijini Paris, waendesha redio wa nchi mbalimbali waliunda umoja wa kimataifa na kumchagua Maxim kuwa rais wa kwanza.

Februari 1936, akisafiri kwa treni kuelekea California kutazama nyota, aliugua njiani. Alishushwa La Junta, Colorado, akafariki Februari 17 akiwa na miaka 66. Alama ya kituo chake, W1AW, haikuzikwa naye. Inatumiwa na kituo cha makao makuu ya ARRL mpaka leo.

Simu iliyo mkononi mwako nayo inategemea kupokezana. Ujumbe unaotuma haurukii moja kwa moja kwa rafiki yako. Unapita mnara hadi mtambo, mtambo hadi mtambo, mpaka umfikie. Vifaa vimebadilika, lakini mbinu ni ileile iliyomwokoa Maxim siku Springfield ilipokuwa mbali.