Rubani Aliyepotezwa Njia

Ndugu zangu wanafunzi wa zamani, kurasa hizi aghalabu huwa za habari za walimu wetu na wenzetu waliotangulia mbele ya haki. Safari hii nimeonelea nieleze habari za mtu ambaye hakuwa wa kwetu, lakini aliyewahi kuwa mkazi wa Dar es Salaam, na ambaye urubani wake wa kivita alianza kuufundishwa Nairobi. Mtu huyo ni Roald Dahl, Mwingereza mwenye asili ya Norway. Wengi tunamjua kwa vitabu vya watoto, hasa kile cha kiwanda cha chokoleti kilichotoka mwaka 1964. Mimi sina haja na vitabu hivyo leo. Ninachotaka kusimulia ni vita vyake vya angani kati ya mwaka 1939 na 1941, pamoja na jinsi alivyovisimulia baadaye, maana masimulizi yake hayakuwa yale yale kila mara.

Alizaliwa tarehe 13 Septemba 1916 huko Llandaff, karibu na Cardiff. Baba yake alifariki yeye angali mtoto mdogo, akalelewa na mama. Alisoma Repton, shule ya bweni yenye viboko vingi ambayo hakuisahau maisha yake yote. Alipomaliza hakutaka chuo kikuu. Mwaka 1934 akaajiriwa na kampuni ya mafuta ya Shell kwa sababu moja tu, kwamba alitaka kupelekwa nchi za mbali. Akapelekwa Tanganyika mwaka 1938.

Dar es Salaam ya wakati huo ilikuwa mji mdogo. Dahl alikaa pamoja na wafanyakazi wenzake wa kampuni katika nyumba kubwa nje kidogo ya mji, juu ya bahari, wakihudumiwa na wapishi na watumishi. Kazi yake ilikuwa kuuza mafuta na vilainishi, na mara kwa mara alifunga safari ndefu za bara kuwatembelea wateja, wakiwamo wenye migodi na mashamba ya mkonge. Kiswahili alijifunza. Mtumishi wake aliitwa Mdisho, na katika kitabu chake cha Going Solo, kilichochapishwa mwaka 1986, anamtaja kuwa ni wa kabila la Wamwanumwezi. Msomaji wa kwetu atatambua mara moja kwamba Mnyamwezi ndiye aliyekusudiwa.

Vita vilipotangazwa tarehe 3 Septemba 1939, Tanganyika ilikuwa imejaa walowezi wa Kijerumani waliobaki au kurudi tangu enzi za utawala wao. Serikali ya Kiingereza iliamua kuwakamata wote na kuwaweka kizuizini. Kwa kuwa maofisa walikuwa wachache, vijana wa makampuni walivishwa vyeo kwa siku chache. Dahl akakabidhiwa kikosi cha askari wa King's African Rifles, akaambiwa aifunge barabara iendayo kusini mpaka Msumbiji, iliyokuwa ya Wareno. Anasimulia kwamba Mjerumani mmoja alimwelekezea bastola, na askari aliyejificha porini akamwahi kwa risasi. Anasimulia pia kwamba Mdisho, aliposikia vita vimeanza, alichomoa upanga wa Kiarabu uliotundikwa ukutani, akakimbia usiku kwenda kumwua Mjerumani mmoja tajiri wa mkonge. Mimi habari hizi mbili nazipokea kwa tahadhari. Zimenyooka mno, kama ngano za jioni. Tena naona askari aliyemwokoa mwandishi roho yake hakupewa hata jina, wakati yule wa upanga amepewa jina na sura nzima ya kitabu.

Mwezi Novemba mwaka huo aliacha kazi ya Shell. Akaendesha gari peke yake maili zipatazo 600 kutoka Dar es Salaam mpaka Nairobi, akajiandikisha katika Jeshi la Anga la Uingereza. Waliokubaliwa kwa mafunzo pamoja naye walikuwa vijana 16. Naomba msomaji aikumbuke hesabu hiyo.

Ndege ya kufundishia ilikuwa Tiger Moth, ndogo, yenye mbawa mbili za kupandana na viti viwili vilivyo wazi juu. Dahl alikuwa na urefu wa futi 6 na inchi 6. Alipoketi, kichwa chake kilipita juu ya kioo cha kuzuia upepo, na mkondo wa hewa kutoka kwenye pangaboi ukampiga usoni hata asiweze kuvuta pumzi. Dawa aliyoipata ni kujifunga kitambaa chembamba cha pamba puani na mdomoni. Baada ya saa 7 na dakika 40 za mafunzo aliruhusiwa kuruka peke yake. Majuma yale ya Nairobi ameyasimulia kwa furaha kuliko sehemu nyingine yoyote ya vita vyake. Aliruka chini chini juu ya mbuga, akatazama twiga, nyati na nyumbu, akaona Bonde la Ufa kutoka juu, na hakuna aliyekuwa akimpiga risasi.

Kutoka hapo walipelekwa Habbaniya nchini Iraq, kituo kikubwa kandokando ya mto Frati, magharibi ya Baghdad. Joto la huko halikuwa na mfano. Walijifunza kwa muda wa miezi sita hivi, safari hii kwa ndege zenye nguvu zaidi na zenye silaha. Mwezi Agosti 1940 akapata uofisa na beji ya urubani.

Sasa nafika kwenye siku yenyewe. Alipangiwa Kikosi Na. 80, kilichokuwa katika jangwa la magharibi ya Misri kikipambana na Waitaliano waliokuwa wamevuka mpaka kutoka Libya siku chache tu kabla. Ndege yake ilikuwa Gladiator, ya mbawa mbili za kupandana kama ile ya mafunzo lakini ya kiti kimoja na bunduki za rashasha. Anasema hakupata kufundishwa hasa jinsi ya kupigana nayo. Tarehe 19 Septemba 1940 aliondoka karibu na mfereji wa Suez, akatua njiani kujaza petroli, na kituo chake cha mwisho kilikuwa Fouka. Hapo ofisa mkuu akapiga simu, akauliza Kikosi Na. 80 kiko wapi hasa, akamwonyesha mahali kwenye ramani, jangwani kusini ya Mersa Matruh. Dahl akapaa.

Alipofika mahali alipoonyeshwa hapakuwa na kitu. Hapakuwa na hema, ndege, wala alama ya magurudumu. Akazunguka huku na huko, jua likazama, petroli ikakaribia kwisha. Akaamua kutua jangwani kabla giza halijaingia kabisa. Magurudumu yalipiga jabali. Ndege ikajikita pua, kichwa chake kikagonga mbele, fuvu likapasuka, pua ikazama ndani ya uso, macho yakafumba kwa uvimbe. Ndege ikawaka moto. Alijivuta nje kwa shida akatambaa mbali, huku risasi za bunduki zake mwenyewe zikilipuka kwa joto na kuruka ovyo.

Uchunguzi wa jeshi ulionyesha kwamba kosa halikuwa lake. Mahali alipotumwa hapakuwa penye kikosi chochote. Palikuwa katikati ya majeshi mawili yanayopigana. Yaani watu wa upande wake mwenyewe walimwelekeza vibaya, kwa simu, jioni moja, na kwa sababu hiyo akawa kipofu kwa majuma kadhaa na mwenye maumivu ya mgongo kwa miaka yake 50 iliyobaki. Sisi tulio katika kazi za serikali tunajua jinsi maelekezo ya namna hiyo yanavyotolewa na jinsi ilivyo vigumu baadaye kumpata aliyeyatoa.

Mwaka 1942 Dahl alikuwa Washington, katika ubalozi wa Uingereza, ambako kazi yake mojawapo ilikuwa kuwafanya Wamarekani waipende Uingereza. Mwandishi mashuhuri C. S. Forester alimwomba amwandikie habari ya mapigano yake, kwa matumizi ya gazeti. Dahl akaiandika, na mwezi Agosti ikachapishwa katika Saturday Evening Post bila jina lake. Kichwa chake kilisema kwamba rubani huyo alitunguliwa juu ya Libya. Hakutunguliwa, wala Libya hakufika. Mersa Matruh iko Misri. Ndani ya habari yenyewe Waitaliano walitajwa kuwa ndio walioiangusha ndege. Ilikuwa ni propaganda ya vita, na sioni ajabu. Gazeti la mwaka 1942 lisingewaambia Wamarekani kwamba Mwingereza aliangushwa na simu ya Mwingereza mwenziwe.

Baada ya vita aliiandika upya katika mkusanyo wa hadithi zake uitwao Over to You, wa mwaka 1946. Humo kuna rubani wa pili, rafiki, aliyeruka naye siku hiyo. Alipoandika Going Solo, akiwa na karibu miaka 70, Waitaliano walikuwa wameondoka katika habari, na kosa la maelekezo likaelezwa waziwazi. Lakini rafiki naye ameondoka. Katika kitabu hicho Dahl yuko peke yake mchangani mpaka askari wa miguu wanapomkuta. Waandishi waliochunguza maisha yake wameonyesha kwamba rubani huyo wa pili alikuwapo kweli, alitua salama, na akakaa na majeruhi usiku kucha katika baridi ya jangwani. Jambo hili limenisumbua kuliko lile la kutunguliwa. La kwanza lilitakiwa na vita. Hili la pili lilitakiwa na nani? Labda na kitabu tu, kwani kilikusudiwa kumwonyesha kijana anayejitegemea, na mtu wa pili angekiharibu. Nasema labda.

Na hasa ninalomhesabia ni lile alilolifanya baadaye, ambalo halikuhitaji kupambwa. Alilazwa Alexandria mpaka mwezi Februari 1941. Angeweza kurudishwa kwao kwa heshima. Badala yake alipoambiwa anafaa kuruka, alikubali kukifuata Kikosi Na. 80 kilichokuwa sasa Ugiriki, akapewa ndege ya aina ya Hurricane, ya kisasa, ambayo alikuwa na siku chache tu za kuizoea. Akavuka nayo Bahari ya Kati kwa muda wa saa nne na nusu, amejikunja kwenye kiti kisichomtosha. Alipotua karibu na Athens miguu ilikuwa imekakamaa, ikabidi atolewe kwa mikono.

Waingereza huko walikuwa na ndege za kupigania zipatazo 15, na Wajerumani walikuja na mamia. Hapo ndipo Dahl alipopigana kwa mara ya kwanza, bila mwalimu. Tarehe 20 Aprili 1941 zilizobaki, 12 kwa idadi, ziliruka kwa pamoja juu ya Athens. Ndege tano zilianguka siku hiyo, na miongoni mwa waliokufa alikuwamo Pat Pattle wa Afrika Kusini, anayehesabiwa na wengi kuwa rubani hodari kuliko wote wa jeshi lile. Dahl alirudi akiwa ametota jasho, mikono ikimtetemeka. Siku chache baadaye Ugiriki ikaachwa.

Kituo cha mwisho kilikuwa Haifa, Palestina, dhidi ya Wafaransa wa serikali ya Vichy waliokuwa Syria. Aliruka karibu kila siku kwa majuma manne. Kisha lile fuvu likaanza kudai chake. Maumivu ya kichwa yalimjia ghafla angani, hata akapoteza fahamu kwa nukta kadhaa akiwa katika mapigano. Daktari akamsimamisha, akarudishwa kwa mama yake. Ndege za adui alizoangusha zinahesabiwa kuwa tano au zaidi.

Wale vijana 16 wa Nairobi, kwa hesabu yake mwenyewe, 13 walikufa katika muda usiozidi miaka miwili. Katika Over to You kuna hadithi ya milima ya Kenya, na ndani yake mwandishi anajifanya ameikuta miongoni mwa vitu vya rubani aliyefunzwa Nairobi akafa. Nilipoisoma, katika nakala kuukuu ya maktaba, niliichukulia kuwa ni hila ya kawaida ya watunzi. Baada ya kujua hesabu hiyo niliirudia tena.

Mengine yanajulikana. Alioa mwigizaji wa Kimarekani Patricia Neal mwaka 1953. Mtoto wao wa kwanza alifariki kwa surua mwaka 1962. Vitabu vikamletea utajiri. Hakuwa malaika. Mwaka 1983 alitoa maneno mabaya juu ya Wayahudi, ambayo jamaa zake waliyaombea radhi hadharani mwaka 2020.

Alifanyia kazi yake katika kibanda kidogo bustanini kwake Great Missenden, ameketi kwenye kiti cha mkono na ubao juu ya magoti, kwa kuwa mgongo haukumruhusu kukaa mezani. Juu ya meza iliyokuwa pembeni yake aliweka vitu alivyovipenda, na kati yake vipande vya mifupa yake mwenyewe: kichwa cha mfupa wa nyonga uliobadilishwa hospitalini, na chembe za uti wa mgongo alizokatwa katika upasuaji. Wageni aliwaonyesha. Alifariki tarehe 23 Novemba 1990, akazikwa kijijini hapo hapo.