Askofu Frank Weston wa Zanzibar na Kanuni za Imani



Ukiingia wakati wa ibada katika makanisa ya zamani ya pwani yetu, iwe ni katika misheni ya Bagamoyo iliyoanzishwa na mapadri wa Kikatoliki mwaka 1868, au katika kanisa kuu la Waanglikana la Mkunazini, Unguja, lililowekewa jiwe la msingi mwaka 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa, utawasikia waumini wakisimama na kutamka kwa pamoja Kanuni ya Imani. Wengi wameihifadhi tangu utotoni. Ni wachache waulizao: maneno haya yametoka wapi, na yanamfunga vipi mwenye kuyatamka?

Katika pwani hii aliishi mtu aliyelichukua swali hilo kwa uzito kuliko wengi wa zama zake. Huyo ni Frank Weston, Askofu wa Zanzibar. Maisha yake yanafaa kutazamwa na kila mtafuta ukweli, awe Mkristo au Mwislamu.

Mwanafunzi na mwalimu

Weston alizaliwa London mwaka 1871. Alisoma elimu ya dini katika Chuo Kikuu cha Oxford, akafaulu katika daraja la kwanza mwaka 1893. Alitaka kuja Afrika mapema, lakini afya yake ilimzuia. Kwa hiyo alifanya kazi kwanza miongoni mwa maskini wa London. Mwaka 1898 alifika Unguja akiwa mmishonari wa UMCA. Alijifunza Kiswahili kwa bidii, na kuanzia mwaka 1901 akawa mkuu wa Chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani, ambako vijana wa Kiafrika walifundishwa ualimu na kazi ya kanisa. Mwaka 1908 alifanywa Askofu wa Zanzibar. Dayosisi yake haikuwa kisiwa tu, bali ilivuka bahari hadi Dar es Salaam, Korogwe na Magila.

Hapa yafaa tusimame kidogo tueleze jambo alilolipigania.

Kanuni za Imani ni nini?

Wakristo wa kwanza hawakuwa na Kanuni moja iliyoandikwa kwa wote. Mtu alipobatizwa aliulizwa maswali juu ya imani yake, naye akajibu. Majibu hayo ndiyo yaliyokua polepole yakawa Kanuni. Ile iitwayo ya Mitume haikutungwa na Mitume wenyewe, ingawa hadithi ya kale ilidai hivyo; asili yake ni maungamo ya ubatizo ya kanisa la Roma, na maneno yake kama yasomwavyo leo yanaonekana katika karne ya nane.

Kanuni ya Nikea ilizaliwa katika ugomvi. Ario, padri wa Alexandria, alifundisha kwamba Mwana ni kiumbe, na kwamba Baba peke yake ndiye asiye na mwanzo. Kaisari Constantine aliwaita maaskofu Nikea mwaka 325, nao wakaamua kwamba Mwana ni wa dhati moja na Baba. Neno hilo la Kiyunani halimo katika Injili. Ugomvi haukuisha hapo. Uliendelea zaidi ya miaka hamsini, na Athanasio, mtetezi mkubwa wa uamuzi huo, alifukuzwa mjini kwake mara tano. Maneno yanayosomwa leo makanisani yanahusishwa na mtaguso wa Konstantinopoli wa mwaka 381. Ipo tena Kanuni ya tatu inayobeba jina la Athanasio, lakini iliandikwa kwa Kilatini baada ya kufa kwake.

Basi Kanuni zilikuwa na kazi tatu: kuwa ahadi ya mwenye kubatizwa, kuwa muhtasari wa mafundisho, na kuwa ua wa kutenganisha walio ndani na walio nje.

Mzozo wa Kikuyu

Mwezi Juni 1913 wamishonari wa madhehebu mbalimbali ya Kiprotestanti walikutana Kikuyu, Kenya, wakitafuta njia ya kuungana. Msingi waliopendekeza ulikuwa Biblia pamoja na Kanuni ya Mitume na ile ya Nikea. Mwishoni Askofu wa Mombasa aliongoza Meza ya Bwana katika kanisa la misheni ya Waskoti, na wasiokuwa Waanglikana nao wakashiriki.

Weston aliposikia, aliwashitaki Maaskofu wa Mombasa na Uganda kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, akidai kwamba wametenda uzushi na mfarakano. Alitoa pia barua ya wazi. Hoja yake ni kwamba Kanuni mbili hazitoshi: mpango ule uliiacha ile ya Athanasio, na haukulazimisha daraja ya uaskofu. Alilalamika vilevile kwamba Uingereza kulikuwa na wanachuoni wa kanisa lake waliotia mashaka katika mambo yaliyomo ndani ya Kanuni, wala hawakuzuiwa. Aliona kwamba kanisa lisilo na sauti moja halistahili kutuma wahubiri kwa Waislamu. Jibu la wakubwa, lililotolewa mwaka 1915, halikumridhisha.

Zingatia, ewe msomaji. Watu wale wa Kikuyu walizikubali Kanuni zote mbili, na bado ndugu yao akaona hawajawa kanisa moja. Kwa hiyo maneno ya Kanuni peke yake hayakuweza kuamua; yalihitaji mwenye mamlaka ya kuyafasiri.

Njia ya Bagamoyo

Lakini tusimhukumu mtu huyu kwa ukali wake peke yake. Mwaka 1916, vita vilipofika pwani, aliongoza mwenyewe kikosi cha wapagazi kutoka Unguja, akipewa cheo cha meja. Bagamoyo ilitekwa mwezi Agosti, kisha wapagazi wake wakaenda pamoja na jeshi kufuata pwani hadi Dar es Salaam, iliyosalimu amri tarehe 4 Septemba. Jina la Kariakoo linatukumbusha mpaka leo mizigo ya watu kama wale.

Baada ya hapo aliandika kulaani mateso waliyopata Waafrika chini ya Wajerumani. Na serikali ya Kiingereza ya Kenya ilipoanza kuwashurutisha Waafrika kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, mwaka 1920 alitoa kijitabu cha kuilaumu nchi yake mwenyewe. Mwaka 1923, katika mkutano mkubwa London, aliwaambia wenzake kwamba kumwabudu Yesu altareni huku wakiwadharau maskini ni kazi bure. Alikufa tarehe 2 Novemba 1924 huko Hegongo, akazikwa Magila.

Tunajifunza nini?

Kwanza, Weston alijua kwamba mwenye kutamka imani asiyoiamini anajidanganya nafsi yake. Katika hili alisema kweli, na onyo hilo latuhusu sisi pia tutamkapo Shahada.

Pili, Kanuni ipimwe kwa asili yake. Injili ya Marko, sura ya 13, aya ya 32, inaonyesha kwamba Mwana hakuijua ile saa ya mwisho. Weston alilihisi tatizo hili, na katika kitabu chake cha mwaka 1907 juu ya Kristo alieleza kwamba Mwana alijiwekea mipaka ili aishi kama mwanadamu. Ni juhudi ya mtu mwenye akili. Lakini mtafuta ukweli ana haki ya kuuliza: je, Nabii Isa (a.s.) mwenyewe alifundisha hivyo, au maelezo haya yamehitajiwa ili kuulinda uamuzi wa Nikea? Sehemu mbili za Shahada ya Kiislamu zimo ndani ya Kurani, wala hazikungoja mtaguso wa kuzitunga. Chukua Injili na Kanuni, uziweke mbele yako pamoja, usome bila haraka.

Mwenyezi Mungu atuongoze sote katika njia iliyonyoka. Amin.