Cicero na meli ya ngano ya Rhodes

Njaa imekiingia kisiwa cha Rhodes na bei ya ngano imepanda kupita kiasi. Mfanyabiashara mmoja anatia nanga akitokea Aleksandria, meli imejaa. Njiani ameziona meli nyingine nyingi zenye ngano zikielekea huko huko. Yeye amewatangulia tu. Je, awaambie wanunuzi kwamba wenzake wako nyuma, bei ishuke, au anyamaze na auze? Mtu huyu si tapeli. Akiona kuwa kunyamaza ni aibu hatanyamaza, ila hana hakika kama kweli ni aibu.

Aliyetuachia swali hili katika maandishi, Marcus Tullius Cicero, hakuwa mfanyabiashara. Alizaliwa tarehe 3 Januari mwaka 106 Kabla ya Kristo katika mji mdogo wa Arpinum, kusini-mashariki mwa Roma. Kwao walikuwa na mali, lakini katika ukoo wake hakuna aliyewahi kushika cheo kikubwa Roma. Alipanda kwa ulimi wake. Alisomea falsafa na usemaji Athens na huko huko Rhodes, akawa wakili, na mwaka 70 akamshtaki Verres, gavana aliyeikamua Sisilia hadi kwenye nafaka ya wakulima. Ushahidi ulikuwa mzito kiasi kwamba Verres alikimbia kabla kesi haijaisha. Mwaka 63 Cicero alikuwa konsuli, cheo cha juu kabisa cha kuchaguliwa.

Mwaka 51 alipelekwa kuwa gavana wa Cilicia, ambayo leo iko kusini mwa Uturuki, pamoja na kisiwa cha Saiprasi. Alitangaza kwamba riba isizidi asilimia 12 kwa mwaka. Akatokea wakala aitwaye Scaptius akiwadai watu wa mji wa Salamis, na mkataba wake ulisema asilimia 48. Chini ya gavana aliyetangulia, Scaptius alikuwa amepewa askari wa farasi, akawafungia madiwani wa mji ndani ya ukumbi wao mpaka watano wakafa kwa njaa. Cicero aliwaondoa askari hao. Kisha akagundua kwamba mwenye fedha hasa ni Brutus, rafiki yake, mtu aliyesifiwa Roma nzima kwa uadilifu. Watu wa Salamis walikuwa tayari kulipa kwa asilimia 12, wakaomba waziweke fedha hekaluni ili riba ikome. Scaptius aliomba jambo hilo liachwe lilivyo. Cicero akaliacha, limkute gavana atakayemfuata.

Mwaka 44 Julius Caesar aliuawa, Brutus akiwa miongoni mwa wauaji, na Cicero hakuwa na usalama tena. Katika miezi hiyo aliandika kitabu kuhusu wajibu, kwa ajili ya mwanawe Marcus aliyekuwa akisoma Athens. Humo ndimo ilimo meli ya Rhodes, na humo anawagonganisha wanafalsafa wawili wa kale zaidi yake: Diogenes wa Babeli na mwanafunzi wake Antipater wa Tarso, mji ule ule wa mtume Paulo.

Diogenes anamtetea muuzaji. Sheria inamtaka ataje kasoro za bidhaa, na ngano hii haina kasoro. Ameileta, ameianika mbele ya watu, anauza kwa bei isiyozidi ya wengine. Amemdhulumu nani? Hoja hii inasimama, mradi ukubali nguzo moja ambayo haikutajwa: kwamba sheria ikikaa kimya, hakuna dhuluma. Antipater anaigonga nguzo hiyo hiyo. Binadamu wamefungamana kwa asili, anasema, faida ya mmoja ni faida ya wote, kwa hiyo waambie watu wenye njaa kwamba chakula kinakuja.

Diogenes hakai kimya. Anaichukua hoja ya mwanafunzi wake na kuisukuma hadi mwisho: kama ufungamano huo unanilazimu nikupe kila ninachojua, kwa nini usinilazimu nikupe na ngano yenyewe bure? Basi kusiwe na kuuza kabisa. Tena, kunyamaza si kuficha. Kuna mengi ninayoyajua ambayo sikuambii leo.

Cicero anasimama na Antipater, lakini kwa kwanza kupunguza ukubwa wa dai. Anakubali kwamba si kila kunyamaza ni kuficha. Unaficha pale unapotaka, kwa faida yako, mtu asijue jambo ambalo kulijua kungemfaa. Kwa kipimo hicho muuzaji wa Rhodes anaficha, na hakupaswa.

Mimi naona kipimo hicho kimekamata samaki wengi mno. Anayenunua maharage upande mmoja wa mpaka akijua bei ya upande wa pili naye amenyamaza kwa faida yake, na hiyo ndiyo kazi yenyewe, ndiyo inayolipa lori na usiku wa foleni. Kinachoitofautisha Rhodes ni njaa, na Cicero hakuitenga kama sababu yake yenyewe. Diogenes alistahili jibu kamili zaidi.

Wasomaji wetu wana daftari jingine la kumfungulia. Katika kitabu hicho hicho anawadharau wachuuzi, akidai kwamba hawapati faida bila kusema uongo mwingi, huku biashara kubwa ya kuleta shehena kutoka mbali akiivumilia. Dai linalowahusu wachuuzi wote huvunjwa na mchuuzi mmoja mkweli, na wakili wa kiwango chake alilijua hilo. Aliyedai asilimia 48 kule Salamis hakuwa muuza mboga.

Mwaka uliofuata alimshambulia Marcus Antonius kwa hotuba nyingi, na Antonius alipopata nguvu jina la Cicero likawekwa kwenye orodha ya wa kuuawa. Askari walimkuta njiani akijaribu kuifikia bahari, tarehe 7 Desemba mwaka 43. Kichwa na mikono yake vilitundikwa kwenye jukwaa la wasemaji Roma. Mwanawe, yule aliyeandikiwa kitabu, alisalimika. Mwaka 30 alikuwa konsuli habari za kifo cha Antonius zilipofika Roma, na chini yake sanamu za Antonius zikaangushwa.