Frederick Cottrell, mwalimu aliyekamata ukungu wa asidi kwa umeme

Kila mkaaji wa Lubumbashi anaijua shimine ndefu ya Gécamines, yenye zaidi ya mita 150. Tangu shaba ya kwanza iyeyushwe hapa mwaka wa 1911, moshi umekuwa sehemu ya maisha ya mji. Lakini shimine ndefu haisafishi moshi, inautupa mbali tu. Mmarekani Frederick Gardner Cottrell alitafuta namna ya kuukamata kabla haujatoka.

Alizaliwa tarehe 10 Januari 1877 huko Oakland, California. Alipata udaktari Leipzig, Ujerumani, mwaka wa 1902, kisha akafundisha kemia katika chuo kikuu cha Berkeley.

Karibu mwaka wa 1906 alianza kushughulikia shida ya kiwanda cha asidi ya sulfuri, ile ile inayotumiwa leo Katanga kutoa shaba na kobalti katika mawe. Gesi ilitoka na ukungu wa matone madogo sana. Kwanza alijaribu kuizungusha gesi kwa kasi ili matone yatupwe pembeni. Haikufaa: matone yalikuwa mepesi mno, yakafuata gesi.

Ndipo akageukia umeme. Alipitisha gesi kati ya waya wenye umeme wa nguvu na ukuta wa chuma. Matone yalibeba chaji, yakavutwa ukutani, yakaungana na kutiririka chini. Mwingereza Oliver Lodge alikuwa amejaribu njia hiyo zamani, lakini mashine za umeme za wakati wake zilikuwa dhaifu.

Cottrell alipata brevet mwaka wa 1908. Kiwanda cha kuyeyusha madini cha Selby, karibu na San Francisco, kilichoshitakiwa na majirani kwa sababu ya moshi, kilikuwa kati ya vya kwanza kutumia chombo chake.

Angeweza kutajirika. Badala yake, mwaka wa 1912 alianzisha shirika la Research Corporation na kuliachia brevet zake, ili faida isaidie wanasayansi wengine.

Alifariki tarehe 16 Novemba 1948, akiwa mkutanoni Berkeley.

Chombo chake kinakamata matone na vumbi, hakikamati gesi ya sulfuri yenyewe: hiyo inahitaji kugeuzwa kuwa asidi. Lakini vumbi linalokamatwa lina madini ndani yake. Kusafisha hewa ya wakaaji, basi, kunaweza pia kukiletea kiwanda pesa.